Shahidi wa Usingizi

Kuna ugonjwa ambao mgonjwa mwenyewe haufahamu, bali yule alalaye kando yake aufahamu vema. Mume akoroma kwa nguvu; ghafula anyamaza, pumzi haisikiki; halafu ashtuka, avuta hewa kwa kishindo, akoroma tena. Asubuhi asema amelala vizuri, lakini mchana asinzia kazini, pengine hata penye usukani wa gari. Huo si uvivu. Ni ugonjwa uitwao apnea ya usingizi, nao huwapata wanawake pia.

Tulalapo, nyama za koo na ulimi hulegea. Kwa wengine huziba njia ya hewa. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, madaktari huhesabu mara moja. Wakipata mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali, na moyo wataabika.

Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza mashine ipulizayo hewa puani usiku kucha. Yafaa sana hata leo, lakini wengi hawawezi kulala nayo. Kwa baadhi ya hao, Marekani iliruhusu mwaka 2014 chombo kingine, kinachotiwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya kifua. Waya wake hufika kwenye mshipa wa fahamu unaoamuru ulimi. Mgonjwa hukiwasha kabla ya kulala, na umeme kidogo huusukuma ulimi mbele kila avutapo pumzi. Katika uchunguzi wa wagonjwa 126 uliotangazwa mwaka huo huo, hesabu ya mgonjwa wa katikati ilishuka toka mara 29 kwa saa hata 9 baada ya miezi 12.

Lakini nani atajua kama chombo chafanya kazi, na mwenyewe amelala? Hapo ndipo kifaapo kipimo cha nyumbani. Jioni mgonjwa hujifunga mkanda kifuani, hutia mrija mwembamba puani, na kubana kidoleni kifaa cha kupima oksijeni ya damu. Alala kitandani pake. Kisha daktari asoma yaliyoandikwa. Kabla ya upasuaji kipimo huonyesha ukali wa ugonjwa. Baadaye huonyesha kama nguvu ya umeme yatosha, au yafaa kubadilishwa.

Hata hivyo tusikitegemee kupita kiasi. Mara nyingi kipimo hiki hakipimi ubongo, kwa hiyo huhesabu hata saa za kukesha, na hesabu yaweza kutoka ndogo kuliko kweli. Kikisema hakuna ugonjwa, na dalili zipo, yafaa kupimwa hospitalini.

Hospitali nyingi hazina chombo hicho. Lakini kupunguza unene, kuacha pombe jioni na kulala ubavu husaidia wengi.

Basi, mama, usikiapo pumzi ya mumeo yakatika, usimcheke wala usinyamaze. Mweleze kwa upole, mwende pamoja kwa daktari. Vyombo vitahesabu, shahidi wa kwanza ni wewe.