Picha ya Fomu ya Kura Mbele ya Jaji

Mnunuzi wa dhahabu huko Geita haridhiki na mng'ao wa jiwe. Hulipima, kwa kuwa dhahabu safi ina uzito wa takriban mara 19 ya maji ya ujazo ule ule, na mawe mengine yang'aayo hayakaribii hapo. Jaji naye, akiletewa picha ya matokeo ya kura, ana vipimo vyake.

Tuseme mpiga kura wa kijiji kimoja cha Shinyanga amepiga picha kwa simu fomu ya matokeo ya ubunge iliyobandikwa kituoni, kisha tarakimu zikatangazwa nyingine katika majumuisho ya jimbo. Je, Mahakama Kuu itaipokea picha hiyo? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, yakataza ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini kupokewa si kuaminiwa. Kifungu hicho hicho chamtaka jaji achunguze jinsi ushahidi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyopelekwa.

Hapa ndipo hisabati husaidia. Picha ndani ya simu ni safu ndefu ya namba. Kompyuta huweza kuzikokotoa na kutoa alama fupi. Mtu akigeuza 3 kuwa 8, alama nayo hubadilika kabisa. Alama ya siku ya kura ikilingana na ya siku ya kesi, picha haikuguswa. Walakini alama haiwezi kueleza kama karatasi yenyewe ilijazwa kwa haki. Kwa hilo hapana budi karatasi iletwe.

Kenya imeyaonja yote mawili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais. Mshindi alikuwa ametangazwa kabla picha za fomu 34A za vituo vyote hazijapokelewa, na tume haikufungua kikamilifu mitambo yake ikaguliwe. Mwaka 2022 ilidaiwa kwamba picha zilibadilishwa njiani. Zikalinganishwa na karatasi halisi, zikaonekana sawa, na dai likaanguka.

Kesi hizo mbili zilikuwa za urais. Katika Tanzania, picha ya fomu ya urais, hata iwe safi namna gani, haina jaji wa kuipima: Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 yazuia mahakama kuchunguza matokeo hayo yakishatangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika.