Kijana Anayesinzia Mchana



Pengine kijijini kwako yuko kijana wa miaka 14 wa namna hii. Asubuhi haamki mpaka avutwe shuka. Darasani anasinzia. Shambani anaegemea jembe. Watu wanasema, "Mvivu huyo." Shuleni anachapwa, na nyumbani anachapwa tena. Lakini hakuna aliyemwuliza: jana usiku ulilala?

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Wakati wa usingizi mwili hukua, na ubongo huhifadhi yale tuliyojifunza mchana. Kijana asiyelala vya kutosha husahau upesi na hukasirika upesi.

Angalia kwanza sababu zilizo karibu. Je, kitanda kina kunguni? Chandarua kimetoboka? Alilala na njaa? Ana kikohozi? Na siku hizi iko simu, ambayo kijana huitazama chini ya shuka mpaka usiku wa manane.

Kama hayo yote hayapo na bado halali, fikiria habari za utoto wake. Hapo wengi wetu hatupendi kugusa.

Yuko mtoto aliyepigwa sana. Yuko aliyeona baba akimpiga mama. Yuko aliyefiwa na wazazi, akahamishwa nyumba hii na ile. Yuko aliyeingiliwa kwa nguvu na mtu mzima. Mambo mengine ya namna hiyo hutokea usiku. Basi mtoto hujifunza kwamba usiku ni wakati wa hatari.

Wewe mkulima unajua kazi ya kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Ukiwa juu ya dungu hulali fofofo. Jani likitikisika, unashtuka na moyo unakwenda mbio. Hiyo ni kazi ya tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Humwaga ndani ya damu kitu kinachoutayarisha mwili kupigana au kukimbia. Mtoto mwenye hofu huishi hivyo kila usiku. Miaka inapita, hatari inaondoka, lakini mwili wake bado unalinda. Mahindi yamekwisha kuvunwa, naye hajashuka kwenye dungu.

Mwaka 1998, huko Marekani, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walitangaza uchunguzi wao. Waliona kwamba mtu aliyepata mateso mengi utotoni huugua zaidi ukubwani. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba usingizi nao huharibika. Si kila aliyeteseka hukosa usingizi, lakini wengi hukosa. Hapa Tanzania, katika uchunguzi wa mwaka 2009, karibu vijana 3 kati ya kila 4 walisema walifanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo jambo hili si la nyumba ya jirani tu.

Ufanye nini? Usimchape kwa kusinzia. Fimbo humwongezea hofu, na hofu ndiyo inayomnyima usingizi. Mtoto mkubwa akianza tena kukojoa kitandani, usimwaibishe mbele ya wenzake. Mpe saa moja ya kulala kila siku, isiyobadilika. Kama anaogopa giza, alale karibu na mtu anayemwamini. Ugomvi wa wakubwa usifanywe usiku mbele ya watoto. Bora usifanywe kabisa.

Zungumza naye mkiwa kazini, labda mnapopukuchua mahindi. Usimhoji kama askari. Akisema kidogo leo, mwache. Atasema zaidi kesho.

Lakini akikwambia kwamba yuko mtu anayemdhuru sasa, usimrudishe alale katika nyumba hiyo. Usiyamalize mambo hayo kimya kimya kati ya ndugu. Mpeleke zahanati, na umwone ofisa wa ustawi wa jamii au polisi. Waweza pia kupiga simu namba 116. Ni ya kusaidia watoto, na kupiga ni bure.