Je, Wajua? Ndani ya 64 Mna 1 Pekee

Katika eneo la Yamumbi, nchini Kenya, hadi leo wapo wanaosema wanaenda 64, au Sisibo, wakimaanisha mjini Eldoret. Walowezi walipokatiwa mashamba katika uwanda wa Uasin Gishu, kila shamba lilipewa nambari, na posta iliyofunguliwa mwaka 1910 ikaangukia Shamba 64. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni iliupa mji jina la Eldoret, lakini nambari ilikuwa imeshawakaa watu mdomoni.

Waliogawa mashamba hawakujua wameipa posta nambari ya aina gani. Itazame kwa macho ya kompyuta. Simu iliyo mfukoni mwako haiijui 6 wala 4. Inajua 0 na 1 tu. Sisi tukiandika nambari, kila nafasi ya kushoto ni mara kumi ya ile ya kulia kwake. Katika mfumo huo wa 0 na 1, uitwao baineri, ni mara mbili: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Kwa hiyo 64 huandikwa 1000000. Jirani yake 63 ni 111111.

Sasa hesabu zile 1 zilizomo. Ndani ya 63 mna sita, ndani ya 64 mna moja. Ukianzia sufuri unapata 0, 1, 1, 2, 1, 2, 2, 3, 1, 2, 2, 3, na kuendelea bila mwisho, ikipanda polepole kisha ikiporomoka ghafla. Mfuatano huo ni A000120 katika mkusanyo ulioanzishwa na Neil Sloane mwaka 1964, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Mkusanyo huo sasa una mifuatano zaidi ya laki tatu.

Lakini utamu wenyewe hauko katika idadi. Uliza tu kama idadi hiyo ni shufwa au witiri: shufwa andika 0, witiri andika 1. Utapata 0110100110010110. Huhitaji hata kuhesabu tena ukitaka kuendelea: nakili ulichoandika huku ukigeuza kila 0 iwe 1 na kila 1 iwe 0, ukibandike mwishoni. Mfaransa Eugène Prouhet aliugusa mfuatano huu mwaka 1851, Mnorwe Axel Thue akauibua upya mwaka 1906, naye Mmarekani Marston Morse mwaka 1921. Hakuna kipande chake chochote, kifupi au kirefu, kinachojirudia mara tatu mfululizo. Max Euwe, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji, aliitumia sifa hiyo mwaka 1929 kuonyesha kwamba kanuni ya wakati huo ya kuzuia marudio isingetosha kuuzuia mchezo kuendelea milele.

Kwa mkulima, Prouhet ndiye mwenye la kusema. Tuseme ndugu wawili wa Yamumbi wamerithi shamba linaloteremka bondeni, limekatwa vipande vinane, kila kipande kikipungua rutuba kuliko cha juu yake. Wakichagua kwa zamu za kawaida, anayetangulia hupata kipande bora kila raundi. Vipe vipande nambari 0 hadi 7, kisha ugawe kwa mfuatano wetu: mmoja anapata penye 0, yaani 0, 3, 5 na 6, mwenzake penye 1, yaani 1, 2, 4 na 7. Jumla ni 14 kila upande. Zidisha kila nambari kwa yenyewe kisha ujumlishe: 70 kwa 70. Vipande vikiwa 64, usawa huo unadumu hadi kipeo cha tano. Kama wazee wa ukoo wangekubali hesabu kama hii ni jambo jingine. Urithi wa ardhi una kelele zake.

Soka nayo ilijaribu kugawa zamu kwa usawa. Katika penalti, timu inayopiga ya pili mara nyingi hupiga ikiwa nyuma, kwa hiyo mwaka 2017 wenye kutunga sheria za mpira waliruhusu majaribio ya zamu za A, B, B, A. Arsenal waliifunga Chelsea kwa mpango huo mwezi Agosti, kwenye Ngao ya Jamii. Ila baada ya mikwaju minne zamu zilianza upya na A, wakati mfuatano wa Thue ungempa B mkwaju wa tano. Mwaka 2018 mpango wote uliachwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba unachanganya watu.