Begi la kamera: angalia mgongo wa mwanao kabla ya bei

Vijana wengi wa Arusha wanajipatia riziki kwa kamera: harusi, kipaimara, mahafali, hata safari za Mlima Meru. Mzazi huuliza bei ya kamera, lakini ni nadra kuuliza itabebwaje.

Anza na uzito. Kwa kijana anayekua, mzigo wa kila siku ni vyema ubaki karibu na asilimia 10 ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 50 abebe takriban kilo 5. Kamera, lenzi ndefu ya kupigia wanyama, kompyuta mpakato na lita 1 ya maji hufika hapo upesi. Apande mizani akiwa na begi, kisha bila begi. Tofauti ndiyo mzigo wake.

Mkienda dukani, au kwenye mitumba ya Kilombero, bebeni vifaa vyenyewe. Avipange ndani, vizito vikae karibu na mgongo, kisha atembee dakika 10. Angalia haya:

- Mikanda ya mabega iwe mipana, yenye sponji.
- Mkanda wa kiunoni uhamishie uzito kwenye nyonga. Kutoka lango la Momella hadi Miriakamba ni kupanda karibu mita 1,000. Hapo ndipo utauona umuhimu wake.
- Zipu inayofungukia upande wa mgongoni huwapa vibaka kazi ngumu.
- Kiwepo kifuniko cha mvua, hasa wakati wa masika.

Akilalamika ganzi mikononi au maumivu yasiyoisha, usimpe dawa ya maumivu tu na kunyamaza. Punguza mzigo, mpeleke kituo cha afya.