Pampu Haina Kosa

Mashine ya ombwe iliyotupwa na maabara huja na historia yake tumboni. Kabla ya kuichomeka kwenye umeme, uliza ilikuwa ikifanya kazi gani. Kama ilikuwa ikipaka alumini vioo vya darubini, hofu ni ndogo. Kama ilitoka kiwanda cha vifaa vya elektroniki, oili yake huenda imenyonya aseniki, na hiyo si kazi ya karakana ya mtaani. Zile za zamani zenye zebaki nazo waachie wenye mafunzo.

Mashine nyingi za aina hii zina pampu mbili. Ya kwanza ina rota na mapanga yanayozunguka ndani ya oili, nayo hushusha kanieneo ya hewa kutoka milibari 1,013 hadi karibu 0.01. Mafundi wa friji wanaijua, maana ndugu yake ndiye wanayemtumia kukausha mabomba kabla ya kutia gesi. Ya pili, pampu ya difyusheni, haina hata kipande kimoja kinachozunguka. Wolfgang Gaede wa Ujerumani aliielezea mwaka 1915, ikitumia zebaki. Oili ilikuja baadaye. Hita huchemsha oili chini, mvuke hupanda katikati kisha hugeuzwa kuelekea chini kwa kasi, ukizisukuma molekuli za hewa hadi zifikie pampu ya kwanza. Kuta hupozwa kwa maji au feni, mvuke ukawa oili tena na kurudi chini.

Kwa hiyo utaratibu haubadilishwi: pampu ya kwanza itangulie, maji yapite, ndipo hita iwashwe. Ukiingiza hewa oili ikiwa ya moto, inaungua na kuwa lami. Ukiikuta nyeusi, imwage, osha ndani kwa kiyeyusho, kausha, weka mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Baada ya hapo ndipo malalamiko huanza: mashine imewaka, ombwe halishuki. Wengi huilaumu pampu na kutafuta nyingine. Mimi nasema funga kwanza vali kati ya pampu na chemba, yaani chumba kinachotolewa hewa, kisha andika geji inasoma nini kila dakika. Kanieneo ikipanda kwa mwendo uleule bila kupungua, kuna mahali panapovuja. Ikipanda haraka kisha ikalegea, chemba yenyewe inatoa mvuke, hasa wa maji yaliyonata kwenye kuta. Jaribio hili halina gharama, na limeokoa pampu nyingi zisiuzwe chuma chakavu.

Maji ni adui mkubwa kuliko anavyoonekana. Gramu moja tu, ikiwa mvuke katika milibari 0.000001, hujaza zaidi ya lita bilioni moja. Alama ya kidole ndani ya chemba nayo ni mzigo wa mafuta na chumvi, hivyo vaa glavu. Dawa ya unyevu ni joto la wastani na subira, pampu zikiendelea kufanya kazi.

Panapovuja hutafutwa kwa brashi yenye spiriti, hita ikiwa imezimwa na imepoa: pitisha kwenye kila kiungo ukiitazama geji, na sindano ikiruka umepata. Mara nyingi mkosaji ni unywele mmoja juu ya o-ringi, au mkwaruzo unaokatisha mfereji wake. Grisi nyingi haisaidii. Paka kidogo sana. Kuna pia uvujaji wa uongo, hewa iliyonaswa chini ya skrubu ndani ya chemba, inayotoka polepole kwa saa nyingi. Spiriti haitauonyesha kamwe. Toboa skrubu katikati.

Jihadhari na geji ya ombwe iitwayo Penning. Ikichafuka hudanganya kwa kukupendeza: husoma ombwe zuri kuliko lililopo. Isugue kwa msasa laini, lakini kata umeme kwanza, kwani hutumia volti elfu mbili au tatu.

Chemba ikiwa kuba la kioo lenye kipenyo cha sentimita 30, kuba hilo hubeba uzito wa hewa wa zaidi ya kilo 700. Lizungushie wavu wa chuma kila unapolitumia, na lenye ufa livunje ulitupe, hata kama mashine nzima itakaa bila kazi.