Breki ya Pikipiki: Si Kazi ya Kiwanda Peke Yake



Ukikaa na vijana wa bodaboda, utasikia habari za mkopo, bima, leseni na bei ya petroli. Habari za breki huja mwisho, ama haziji kabisa mpaka mtu ameanguka. Na bodaboda akianguka, mara nyingi haanguki peke yake. Nyuma yake kuna mama anayetoka kliniki, au watoto wawili wa shule, au mzee aliyekuwa akienda sokoni na kuku wake. Kwa hivyo tumeona tuongee juu ya breki za diski, zile zinazofanya kazi kwa oili. Pikipiki nyingi huku kwetu bado zina breki za dramu zinazovutwa kwa kebo au chuma, lakini zenye diski mbele zinaongezeka, na wengi wanaozinunua hawajafundishwa namna ya kuzitunza.

BREKI YA OILI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Ukivuta mkono wa breki, unasukuma pistoni ndogo iliyo ndani ya masta silinda, pale juu kwenye usukani. Pistoni inasukuma oili ndani ya mpira wa breki mpaka chini kwenye kalipa. Kalipa inabana pedi mbili juu ya diski, na gurudumu linasimama.

Siri yake ni hii: oili haibonyei. Nguvu ya vidole vyako inafika chini yote. Lakini hewa inabonyea. Povu kidogo tu la hewa likiingia, unavuta mkono wa breki na nguvu inaishia kuibonyeza hewa badala ya kubana diski. Mkono unakuwa laini kama sponji. Hapo ndipo mtu husema, “Nilivuta breki na haikushika.”

JINA LINATUPOTOSHA

Wengine huiita oili ya breki, wengine maji ya breki. Majina yote mawili yameharibu pikipiki za watu. Fundi mmoja akisikia “oili” anaweka ya injini. Oili ya injini hufurisha raba zilizo ndani ya masta silinda na kalipa, na breki inakwama au inavuja. Mwingine akisikia “maji” anaongeza maji ya mfereji. Yote ni makosa makubwa.

Oili ya breki ni kitu cha pekee. Kwenye kopo imeandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1. Soma kifuniko cha kikopo cha masta silinda. Kwa kawaida kimeandikwa aina inayotakiwa. Angalia pia DOT 5: hiyo ni ya silikoni, na haichanganywi na hizo nyingine hata kama namba zinafanana.

Tabia moja ya oili hii inatakiwa ikae kichwani: inavuta unyevu kutoka hewani, polepole, hata kama pikipiki imesimama tu. DOT 4 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite digrii 230 za selsiasi. Ikishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi digrii 155. Sasa fikiria mtu anayeteremka kutoka Iten kwenda bonde la Kerio na abiria wawili, ameshikilia breki njia yote. Diski inapata moto, oili iliyojaa maji inachemka, mvuke unatokea. Mvuke ni kama hewa, unabonyea. Breki inapotea katikati ya mteremko, mahali pale inapohitajika zaidi.

HATA VIWANDA VIKUBWA VIMEKOSEA

Pengine unadhani pikipiki ya kampuni kubwa haiwezi kuwa na kasoro. Mwaka 2013 kampuni ya Suzuki ilitangaza pikipiki zake za GSX-R zirudishwe kwa mawakala, zile za 600 na 750 za miaka 2004 hadi 2013, na za 1000 za miaka 2005 hadi 2013. Zilikuwa zaidi ya laki mbili duniani. Kasoro ilikuwa katika masta silinda ya breki ya mbele. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa na kuvuta unyevu, pistoni iliweza kuliwa na kutu, na kutu hiyo ikatoa gesi. Tundu la kurudishia oili lilikuwa limewekwa ubavuni, basi gesi haikupata njia nzuri ya kutoka. Mkono wa breki ukawa laini, na pikipiki ikachukua mwendo mrefu kusimama. Wamiliki walibadilishiwa masta silinda bila malipo.

Mwaka 2018 ikawa zamu ya Harley-Davidson. Huko Marekani peke yake pikipiki kama 175,000 za miaka 2008 hadi 2011, zenye breki za ABS, ziliitwa. Oili iliyokaa zaidi ya miaka miwili iliweza kuacha uchafu unaoganda kwenye vali za ABS, na breki ingeweza kushindwa bila kutoa onyo. Dawa iliyotolewa na mawakala ilikuwa nini? Kumwaga oili ya zamani, kusafisha na kuweka mpya.

Kuita namna hiyo ndiko Waingereza wanakoita “recall”: kiwanda kinakubali kwamba kuna kasoro, kinawaita wenye vyombo warudi, na kinatengeneza kwa gharama yake. Si aibu kwa mwenye pikipiki. Ni haki yake.

NI KOSA LA NANI?

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo inatufaa sana. Katika jimbo la Georgia, mwendeshaji wa GSX-R alianguka mwaka 2013, muda mfupi kabla ya tangazo la Suzuki. Wazee wa baraza walikubali kwamba breki ilikuwa na kasoro ya kiwanda. Lakini ilionekana pia kwamba mwenyewe hakuwa amebadilisha oili ya breki kwa miaka minane, na kitabu cha pikipiki kilisema ibadilishwe kila miaka miwili. Basi lawama ikagawanywa: asilimia 51 kwa kampuni, asilimia 49 kwake. Fidia yake ikapunguzwa karibu nusu. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya jimbo hilo ikakubali mgawanyo huo.

Tujifunze hapo. Kiwanda kina deni kwako, na wewe una deni kwa pikipiki. Moja haifuti nyingine.

Hapa Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa bora, haki ya kupewa habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa akiumizwa na bidhaa yenye kasoro. Lakini haki haitembei yenyewe. Mara nyingi tangazo la kurudisha pikipiki humfikia yule mwenye kwanza, na kama imeuzwa mara tatu, wewe wa tatu husikii. Kwa hivyo:

1. Andika namba ya chesisi. Imepigwa kwenye shingo ya fremu, na iko kwenye logbuku.
2. Nenda nayo kwa wakala wa kampuni hiyo, uulize kama pikipiki hiyo imewahi kuitwa na kama ilitengenezwa. Kuuliza hakulipiwi.
3. Weka risiti zote za spea na fundi. Siku ya shida, risiti ndiyo shahidi wako.

UCHUNGUZI WA DAKIKA MBILI KILA ASUBUHI

Kabla ya kubeba abiria wa kwanza:

- Vuta mkono wa breki uushikilie kama nusu dakika. Ukizama polepole, oili inavuja mahali. Usitoke.
- Mkono ukiwa laini, na ukiupiga mara kadhaa unakuwa mgumu, kuna hewa ndani.
- Simamisha usukani sawa, angalia kidirisha cha oili. Isiwe chini ya alama ya LOWER au MIN. Ikiwa imeshuka, usiongeze tu na kwenda. Ama pedi zimeisha, ama kuna mahali panavuja. Tafuta sababu kwanza.
- Angalia rangi. Oili mpya ni nyeupe au ya manjano hafifu. Ikiwa kama chai ya rangi, wakati wake umepita.
- Pinda mpira wa breki kidogo. Nyufa, uvimbe au unyevu maana yake ubadilishwe.
- Angalia pedi. Zikibaki karibu milimita moja au zikifika alama yake, ziondolewe.

KUBADILISHA OILI NA KUTOA HEWA

Kazi hii ifanywe na fundi anayeijua, lakini wewe simama uangalie. Afanye hivi: asafishe kifuniko kabla ya kukifungua, uchafu usiingie. Aweke mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye nipo ya kalipa, na ncha nyingine iingie kwenye chupa yenye oili kidogo ya breki. Mkono uvutwe na ushikiliwe, nipo ifunguliwe kidogo, oili itoke, nipo ifungwe, ndipo mkono uachiliwe. Ukiachiliwa kabla nipo haijafungwa, hewa inarudi ndani. Arudie mpaka itoke oili safi isiyo na povu, huku akiongeza juu kila mara. Kikopo kikikauka, kazi inaanza upya. Mwisho ajaze, afunge, na mjaribu polepole mahali pasipo na watu.

Oili hii inakula rangi ya pikipiki na ni sumu. Ikimwagika, osha kwa maji mengi. Usiiweke kwenye chupa ya soda, watoto wasije wakanywa. Diski na pedi zisiguswe na oili yoyote.

Kopo likishafunguliwa, linaanza kuvuta unyevu. Usiweke nusu kopo chini ya kitanda mwaka mzima. Hapa ndipo kikundi kina faida: chagueni siku moja, nunueni kopo jipya lililofungwa na lenye alama ya ubora ya KEBS, mletee fundi pikipiki zote, mlimalize siku hiyo hiyo. Kila mtu atalipa kidogo.

MTEREMKO NA “FRI”

Jambo la mwisho. Vijana wengi huteremka na fri, wengine hata kuzima injini, ili kuokoa petroli. Hapo unaiachia breki mzigo wote. Teremka na gia ndogo, injini ikusaidie, na uvute breki kwa vipindi, usiishikilie. Petroli unayookoa mlimani haitoshi hata kulipa bandeji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani kati yetu anajua tarehe oili ya breki yake ilipobadilishwa?
2. Kama pikipiki si yako bali unampelekea mwenyewe hesabu ya kila siku, nani anagharamia breki? Je, tumeandikiana?
3. Abiria akiona breki ni mbovu, anaweza kukataa kupanda bila kutukanwa?
4. Ni siku gani mwezi huu tutaleta pikipiki zote kwa fundi pamoja?