Utangulizi: Kupima Uimara Bila Kuvunja

Kiwanda kikubwa kinapotaka kuuza gari jipya Ulaya, hutoa magari kadhaa yagongeshwe ukutani, na mikanda ya usalama huvutwa kwa mashine mpaka nguvu ifikie kiwango cha sheria. Yakishaharibika hayo machache, maelfu yanayofanana nayo huingia barabarani kwa idhini ile ile. Mtu aliyejiundia gari uani kwake huko Uingereza hana la kugongesha. Analo moja tu, na pengine limemla miaka. Fani ninayokukaribishia, msomaji, inaanzia kwenye tatizo hilo: mkaguzi athibitishe vipi uimara wa kitu ambacho haruhusiwi kukiharibu?

Wa Dar es Salaam au Mombasa anaujua ukaguzi wa magari makuukuu ya Japani kabla hayajapakiwa melini. Mkaguzi yule ana pa kuegemea, kwa kuwa anajua gari lilivyotoka kiwandani na anatazama kilichochakaa. Gari la kujiundia halina asili ya kulinganishwa nayo. Fremu imechomelewa na mwenyewe au imenunuliwa kwa fundi mdogo, injini imetolewa kwenye Ford Escort iliyooza bodi, na viti vimetoka kwingine kabisa.

Waingereza wana mapenzi ya zamani na magari haya. Lotus Seven ya Colin Chapman ilitoka mwaka 1957, na wengi waliinunua vipande vipande kwa sababu gari lisilounganishwa halikutozwa kodi ya mauzo ya wakati ule. Mwaka 1973 kodi hiyo ikafutwa, ikaja VAT, na unafuu ukaisha; mwaka huo huo Caterham ikachukua haki za kuitengeneza Seven. Mapenzi hayakuisha. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujiundia gari la mtindo huo kwa pauni 250, na vijana wakakimbilia mashine za kuchomelea. Serikali ilianzisha ukaguzi wa gari moja moja mwaka 1998, na tangu 2009 unaitwa IVA.

Jibu la IVA kwa tatizo letu ni kupima maumbo pale nguvu isipoweza kupimwa. Mkanda wa usalama hauvutwi mpaka ukatike. Mkaguzi anatazama bolti yake imeshika wapi: kwenye chuma kinachobeba uzito, chenye bamba la kuimarisha, au kwenye bati jembamba la bodi. Kwa nje anatumia tufe la kipenyo cha milimita 100. Kila ukingo mgumu unaoguswa na tufe hilo katika eneo la kukaguliwa unatakiwa uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5. Ndani ya gari tufe ni kubwa zaidi, milimita 165, takribani ukubwa wa kichwa cha mtu, nalo hupitishwa mbele ya viti kwenye dashibodi na swichi zake. Hapa ndipo wajuzi wa injini wanapoaibika. Mtu amefunga kabureta mbili zikalingana sawasawa, halafu gari linarudishwa kwa ajili ya ncha ya bolti ya kushikilia taa.

Wengi huona huo ni urasimu. Mimi naona ndiyo sehemu yenye busara kuliko zote, kwa sababu inamtetea mtu asiyekuwepo wakati gari linaundwa: mtoto anayevuka barabara, abiria aliyepewa lifti. Breki nazo zina hoja ya namna hiyo. Magurudumu ya nyuma hayatakiwi kukwama kabla ya ya mbele, maana yakitangulia gari hugeuka likatazama lilikotoka. Spidomita inaruhusiwa kuzidisha mwendo kidogo, kuupunguza hairuhusiwi kabisa. Usukani ukiachiwa baada ya kona unapaswa kujirudisha wenyewe kuelekea katikati, jambo linalosumbua magari mepesi, na dawa yake iko kwenye pembe za magurudumu ya mbele.

Udhaifu wa mfumo huu nao usifichwe. Waundaji hubandika mipira kwenye kingo na vifuniko vya plastiki kwenye nati siku ya ukaguzi, kisha baadhi yao huvibandua wakifika nyumbani. MOT, ukaguzi wa kila mwaka unaofuata baadaye, haupimi zile milimita 2.5. Mwanasheria ana mengi zaidi ya kuuliza hapo kuliko mhandisi.

Gari likifaulu, mwenyewe hupewa cheti, akakipeleka DVLA, mamlaka ya kusajili magari, pamoja na risiti na picha za hatua za ujenzi. Likiwa na sehemu zisizojulikana umri, hupewa namba inayoanza na herufi Q, isiyotaja mwaka wowote.

Anza kwa kusoma mwongozo wa ukaguzi wenyewe, ambao serikali ya Uingereza inautoa bure, na uusome kabla ya kushika spana. Ukingo wa bati ni rahisi kuviringwa ukiwa mezani. Ukishapakwa rangi na kufungwa garini, kazi yake ni mara kumi.